Gramu mia tisa kwenye milima ya Umatengo

Mizani tuliyotumia ilikuwa ya ndoano, ya mchuuzi wa usipa aliyepanda kutoka Mbamba Bay. Tuliitundika kwenye boriti ya banda la kahawa, tukafunga kwa kamba bunduki mbili tupu, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imekaguliwa na watu wawili. Ya kwanza, Browning Auto-5 ambayo mwenyeji wangu aliirithi kwa baba yake, ilisoma kilo 3.6. Ya pili, Benelli Ultra Light ya mgeni kutoka Dar es Salaam, ilisoma 2.7. Zote ni za namba 12, zote hujipakia zenyewe baada ya kila mlio.

"Kumbe tofauti yenyewe haifiki hata kilo ya sukari," mchuuzi akasema, akaanza kukunja mizani yake.

Mwenyeji hakucheka. Yeye ndiye anayeibeba hiyo sukari. Mji wa Mbinga, hapa Umatengo, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Ukishuka na miteremko ya magharibi kufuata kwale na kanga, magoti yanasaga. Kupanda nako ni habari nyingine. Kwa siku nzima mtu anaweza kupiga mara nne tu, lakini bunduki ameibeba saa nane. Hapo ndipo lilipozaliwa swali lake: auze ya baba, anunue nyepesi kama ya mgeni?

Jibu linaanzia kwenye namna uzito huo ulivyoondolewa. John Browning alipobuni bunduki yake mwishoni mwa karne ya 19, hakuwa na nia ya wepesi. Alitaka risasi zijipakie bila mkono wa mtu. Aliigombania na kampuni ya Winchester kwa sababu ya malipo, akaenda Remington, na mkuu wa Remington akafariki Januari 1902 kabla hawajazungumza. Ndipo alipovuka bahari kwenda kiwanda cha FN, Ubelgiji. Mashine yake ni ya kifundi hasa: bunduki inapolia, mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na bolti, vikasukuma springi nene, kisha mtutu hutangulia kurudi mahali pake, ganda tupu likatoka na risasi mpya ikaingia. Chuma kinachotembea namna hiyo hakiwezi kuwa chembamba, na sanduku la bolti nalo lilikuwa la chuma kitupu. Ndiyo kilo zako tatu na nusu.

Waitaliano wa Franchi waliuchukua mtindo huohuo wa mtutu unaotembea, wakaweka sanduku la aloi ya alumini, wakapata bunduki ya 48 AL ambayo kwa namba 20 ina takriban kilo 2.5. Benelli, iliyoanzishwa Urbino mwaka 1967, ilipita njia nyingine kabisa. Mtutu hauendi popote. Ndani ya bolti kuna springi fupi na ngumu. Bunduki nzima inaporudi nyuma begani, bolti, kwa uzito wake, inabaki imesimama kwa kitambo kidogo, springi ikabanwa, kisha ikafyatuka na kuirusha bolti nyuma. Hakuna tundu la gesi kwenye mtutu, hakuna pistoni, na masizi mengi hutoka kwa mbele badala ya kuganda ndani. Kwa Ultra Light waliongeza sanduku la aloi, utepe wa juu wa mtutu wakautengeneza kwa nyuzi za kaboni, na bomba la risasi wakalifupisha libebe mbili tu, pamoja na moja iliyo tayari mtutuni. Tatu zinatosha. Marekani yenyewe, nchi isiyoona haya kwa bunduki, imewawekea wawindaji wa ndege wahamao kikomo cha risasi tatu tangu 1935.

Kasoro ya mfumo huu ni kwamba unahitaji bunduki iwe huru kurudi nyuma. Mtu akiishikilia kwa kuikandamiza kwenye shina la mti, au akiipiga akiwa ameteleza na kitako kimegota ardhini, bolti inaweza isimalize safari yake. Kwenye miteremko ya Mbinga kuteleza si ajali, ni mwendo.

Sasa tuje kwenye bei ya wepesi. Risasi ileile, ikitoka kwenye bunduki nyepesi, inairudisha bunduki kwa kasi kubwa zaidi. Ukitoka kilo 3.6 kwenda 2.7, nguvu ya teke inaongezeka kwa theluthi. Hiyo ni hesabu ya darasani, haina ubishi. Tulipopiga karatasi iliyobandikwa kwenye kichuguu, mgeni mwenyewe alianza kufumba macho kwenye risasi ya tano. Mtu akifumba macho, kwale hana wasiwasi.

Hasara ya pili hutokea kimyakimya zaidi. Kwale hukaa kwenye nyasi mpaka unakaribia kumkanyaga, halafu hulipuka miguuni mwako na kuufuata mteremko. Bunduki nyepesi inamkuta haraka, na hapo inapendeza kweli. Lakini kanga ni kesi tofauti. Huyo hukimbia kwanza, tena kupanda mlima, na akiruka mara nyingi yuko mita 30 au zaidi. Ndege mwenye uzito wa kilo moja na ushei, aliyeshika kasi, anataka mtutu unaoendelea kutembea mbele yake hata baada ya kidole kubana. Mtutu mzito una mwendo wake wenyewe, ukishaanza hauachi. Mwepesi husimama pale mkono uliposita, na marisau hupita mkiani. Kwa hiyo kama ni lazima upunguze uzito, upunguze kwenye sanduku na kitako, uuache mtutu na urefu wake wa sentimita 66 au 71. Mimi ule mfupi wa sentimita 61 siupendi, hata kama dukani unavutia.

Njia ya heshima zaidi ya kupunguza uzito ni kushuka namba. Namba hizi zinatokana na ratili ya risasi za duara: namba 12 ni tundu la risasi moja ya duara kati ya 12 zinazotoka kwenye ratili moja, milimita 18.5. Namba 20 ni milimita 15.6. Bunduki ya 20 ni nyembamba kila mahali, na hurusha marisau gramu 24 badala ya 32. Kwa bunduki za uzito uleule na kasi ileile, punguzo hilo linakaribia kuligawa teke nusu kwa nusu. Punje za namba 6 kwenye gramu 24 bado zinafika mia mbili hivi, na kwale wa mita 25 haombi zaidi.

Nilikuwa tayari kumwambia mwenyeji anunue namba 20. Kilichonizuia ni kabati lake, ambamo risasi za 12 na za 20 zingechanganyika. Risasi ya 20 ikiingia kwa makosa kwenye bunduki ya 12, haitoki upande wa pili wala haikwami mlangoni. Inateleza kidogo mbele na kukaa humo, ikiacha nafasi ya kutosha kuingiza ya 12 nyuma yake. Atakayebana triga hapo atapasuliwa mtutu mbele ya uso. Ndiyo maana maganda ya 20 kwa desturi hutiwa rangi ya njano. Lakini alfajiri, kwenye ukungu wa Umatengo, mfukoni mwa koti, njano haionekani. Nyumba moja na iwe na namba moja. Zaidi ya hapo, leseni ya polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni ya silaha fulani, si ya mtu na silaha yoyote atakayoipenda kesho. Kuuza moja na kununua nyingine ni kuanza upya ofisini, na kibali cha kuwinda kinasimama peke yake chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009.

Basi nikamwomba tuifungue ya baba kwanza. Alikuwa akilalamika kwamba inapiga teke kama punda, jambo lililonishangaza kwa bunduki ya kilo 3.6. Tulipoivua mbao ya mbele, jibu lilikuwa wazi. Auto-5 ina pete ya chuma kwenye bomba la risasi, pamoja na kipande cha shaba kinachokwaruza bomba kama breki. Kwa risasi nzito, pete hukaa mbele ya springi ikikibana kipande cha shaba. Kwa nyepesi, pete huhamishiwa nyuma, karibu na sanduku, breki ikalegea. Ya kwake ilikuwa nyuma, yamkini tangu enzi za baba, na yeye alikuwa akipiga gramu 36. Mtutu ulikuwa ukirudi bila breki na kugonga sanduku. Mbao tayari ilikuwa na ufa mwembamba.

Tuliihamisha pete, tukapaka mafuta kidogo sana, maana bomba likilowa mafuta breki haishiki. Akapiga mara tatu kwenye kichuguu, akanigeukia. "Kaka, hii ni bunduki nyingine."

Siku iliyofuata tulishuka mteremko, mgeni mbele na Benelli yake. Tulipita kwenye ngolo za watu, yale mashamba ya mashimo, tukikanyaga matuta membamba kati ya shimo na shimo, na hapo kila mmoja aliiacha bolti wazi na mtutu mtupu. Mwenye bunduki ya mitutu miwili huikunja, na mama anayepalilia ng'ambo ya bonde anaona kwamba haiwezi kulia. Hizi zetu kwa mbali hazisomeki, ikabidi tuziinue juu na kumwamkia kwa sauti.

Jioni tulikula kwale wawili. Mmoja wa mgeni, mmoja wa mwenyeji, wote kwa risasi ya kwanza. Bega la mwenyeji lilikuwa limechoka kwa kubeba. La mgeni lilikuwa na alama ya bluu.