Mafundi wa Mashua

Mkoani Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, fundi wa mashua huanza na mkuku, kisha mbao, kisha mataruma. Ramani yote iko kichwani. Tezo huchonga, keekee hutoboa. Ila kazi inayochosha kuliko zote ni kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao. Pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa, ikagongwa kwa patasi ndani ya kila mwanya, fundi akiwa ameinama chini ya ubavu wa chombo kabla maji hayajajaa. Akiruka shubiri moja, wavuvi watafua maji usiku kucha. Boti za faiba zipo, lakini mashua ya mbao hutengenezeka papo hapo mchangani. Ndiyo maana vijana bado wanajifunza. Ukinunua samaki Mtwara, mkumbuke na fundi.