Meno ya Msumeno: Uhakiki wa Tairi Lililoliwa Ndani

Tairi lililoisha halisomwi kwa macho peke yake. Anayelitazama kwa mbali huona kipara upande wa ndani na kashata, yaani mpira wenye mistari unaokanyaga barabara, ikiwa nzima upande wa nje, kisha hukata shauri palepale: gari hili limelala mno. Hukumu hiyo utaisikia kwenye vijiwe vya madereva kuanzia Nyakanazi hadi Kabanga, huku Kagera, na ina mvuto kwa sababu haimtaabishi mtu. Gari limeshuka, magurudumu yametanuka kwa chini, bega la ndani ndilo linalobeba uzito, basi bega hilo ndilo lililoisha. Ni usomaji wa nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayompeleka mwenye gari dukani kununua tairi jingine kabla ya wakati wake.

Tairi lina matini mbili. Ya kwanza iliandikwa kiwandani, ubavuni. 185/65R15 ni upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, mpangilio wa nyuzi, na kipenyo cha rimu kwa inchi. Tarakimu nne zinazofunga mstari wa DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Herufi TWI huelekeza kwenye vituta vidogo vya mpira vilivyofichwa ndani ya mfereji, vyenye kimo cha milimita 1.6, na kashata ikishuka hadi kulingana navyo, tairi hilo limekwisha. Wasomaji wengi huishia hapo. Wakiona tarehe ni ya zamani au jina la kiwanda ni geni, wanasema tairi ni feki na habari imekwisha.

Matini ya pili huandikwa na barabara, mzigo, dereva na fundi kwa pamoja, na haina jina la mtunzi. Hiyo ndiyo inayostahili mhakiki.

Kwanza muktadha, maana bila huo fani itatupotosha. Mijini, Dar es Salaam hasa, kijana hushusha gari kwa kupenda: anafunga springi fupi, au anazikata zilizopo, na akizikata kwa moto ameua ugumu wa chuma chake. Ngara na Biharamulo mtindo ni kinyume. Huku mtu akipata fedha hulinyanyua gari, huliwekea spesa, ili tumbo lisikwaruze mawe ya njia ya kijijini. Hata hivyo magari ya huku yamelala kuliko ya vijana wa mjini, kwa kuwa yameshushwa na kazi. Toyota IST ilitengenezwa ibebe watu watano. Ikishakuwa mchomoko, yaani gari dogo la abiria, itabeba watano na wengine juu yao, na buti litashikilia mikungu ya ndizi na gunia la maharage. Mwaka haupiti kabla springi hazijachoka. Pambo la tajiri na shida ya maskini vimetoa umbo lilelile: gari lililokalia matairi yake.

Tofauti ni moja, na itatufaa mbele. Gari la springi zilizokatwa limelala mchana na usiku. Mchomoko hupanda na kushuka. Alfajiri ukiwa mtupu umeinuka, saa mbili asubuhi umezama, jioni umeinuka tena.

Sasa tushike tairi lenyewe. Weka kiganja juu ya kashata, ukipitishe kutoka bega la nje kwenda la ndani, kisha ukirudishe. Kama mpira umelainika kote na umeinama tu kuelekea ndani, unasoma mlalo wa gurudumu, yaani jinsi linavyoegemea likitazamwa kutoka mbele. Lakini mara nyingi kiganja hakisomi hivyo. Kikienda upande mmoja kinateleza, kikirudi kinakwaruzwa. Kila mstari wa kashata una ukingo mmoja uliochongoka na mwingine uliopukutika, kama meno ya msumeno. Mlalo hauwezi kuandika hivyo. Meno huandikwa na mwelekeo: gurudumu likitazamwa kutoka juu halielekei kule gari linakokwenda. Linabiringika na kuburutwa kwa wakati mmoja.

Hata upande wa meno una maana. Kiganja kikikwaruzwa kinapotoka nje kwenda ndani, magurudumu yamefunguka kwa mbele kama miguu ya bata, na mistari ya ndani ndiyo itakayotangulia kuisha. Kikikwaruzwa kinapotoka ndani kwenda nje, yamefumba, na bega la nje ndilo litakaloumia. Kwa hiyo kipara cha ndani chenye meno si kazi ya kulala peke yake. Ni kazi ya kulala kulikovuruga mwelekeo. Mwili wa gari unaposhuka, mkono wa chini wa gurudumu huzunguka kwa upinde wake na fimbo ya usukani, ile inayoishia kwenye tairodi, kwa upinde wake. Pinde hizo mbili hazilingani, na tofauti yao hulisukuma gurudumu lielekee pembeni bila dereva kugusa kitu.

Anayebisha ageukie matairi ya nyuma ya hiyohiyo IST. Nyuma ndiko gari linakozama zaidi. Kama kulala tu kungetosha kula tairi kwa ndani, ya nyuma yangetangulia kuwa vipara. Hayatangulii. Magurudumu ya nyuma ya IST yameunganishwa kwa boriti moja, na mwili wa gari ukishuka, boriti huyasogeza yote mawili pamoja bila kugeuza sana mlalo wala mwelekeo wao. Yanabeba gunia na yanaisha sawasawa, huku ya mbele yakiliwa. Kwenye Mark X mambo ni mengine: kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, likishushwa huinamia ndani kwelikweli, na huko mlalo una haki ya kulaumiwa. Ndiyo maana dawa ya Mark X ya mjini, ukiipeleka kwenye IST ya Lusahunga, ni kutibu jino kwa dawa ya tumbo.

Hesabu yake inatisha kuliko maelezo. Chukua rimu ya inchi 15, yaani milimita 381. Gurudumu likikengeuka milimita 3 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu hiyo, kiasi ambacho jicho halikioni, mpira unaburutwa kiubavu karibu mita 8 kwa kila kilomita. Kipande cha lami cha Lusahunga hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni kama kilomita 92. Gari likifika mpakani, tairi hilo limesuguliwa kiubavu zaidi ya mita 700, na bado halijarudi. Mlalo wa digrii moja au mbili haufanyi uharibifu wa namna hiyo. Huhamisha tu mahali uzito unapokaa.

Kuna alama nyingine isiyosomwa sana. Mwelekeo mbaya wa mbele hugawanywa kwa magurudumu yote mawili, kwa kuwa usukani huyaacha yajitafutie katikati, kwa hiyo kushoto na kulia huliwa karibu sawa. Ukikuta tairi moja tu limeliwa ndani na mwenzake ni mzima, acha kuzungumzia alaimenti, yaani kupanga mwelekeo. Tafuta mkono uliopinda, bushi iliyokatika au boljointi iliyolegea. Huenda gari hilo lilitumbukia shimoni siku fulani na dereva akakaa kimya.

Mengine ni ya darasa la kwanza. Mabega yote mawili yakiisha, upepo ulikuwa mdogo. Katikati ikiisha, ulizidi. Vidimbwi vikijitokeza kuzunguka tairi, shokapu zimekufa na gurudumu linarukaruka.

Eneo hili lina jambo lake. Lami hujengwa ikiwa na mgongo ili maji yaende pembeni. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda kulia, na upande hubadilishwa hapo Rusumo. Mchomoko wa Biharamulo usiovuka mpaka unaishi maisha yake yote umeegemea kushoto. Semi ya Kigali huegemea kushoto hadi darajani, kisha huegemea kulia. Sitaki kulitia chumvi, maana athari ya mgongo wa barabara ni ndogo ukiilinganisha na ya mwelekeo. Lakini anayelinganisha tairi la kushoto na la kulia bila kuuliza gari linafanya safari wapi anasoma shairi bila kujua lahaja yake.

Changarawe nayo hufuta maandishi. Gari likikaa wiki moja kwenye njia za vijijini, meno hukwanguliwa, kashata hung'olewa vipande vipande, na kiganja hakipati kitu. Tairi la namna hiyo lisitolewe hukumu. Lirudi lami kwanza.

Kuhusu tiba, mashine za kompyuta ziko miji mikubwa kama Mwanza, na si kila mwenye mchomoko ataacha abiria akazifuate. Uzi unatosha. Fundi anauvuta ubavuni mwa gari kutoka matairi ya nyuma hadi ya mbele, anapima kwa rula pengo kati ya uzi na ukingo wa mbele wa rimu, kisha na ukingo wa nyuma, na anazungusha fimbo ya usukani mpaka tofauti ikubalike. Nimewasikia wenye magari wakiudharau uzi kwa kuwa hauna kioo. Mwelekeo ni umbali tu, na umbali hupimika kwa uzi na rula.

Kasoro ya uzi na kompyuta ni ileile, na hapa ndipo ninapowalaumu mafundi: wote wanalipima gari likiwa tupu. Gari tupu ni lile la alfajiri, lililoinuka. Linalokula tairi ni la saa mbili asubuhi, lililozama, lenye pinde zake mahali pengine. Fundi anasahihisha gari ambalo halifanyi kazi, halafu mwenye gari anarudi baada ya miezi michache na kipara kilekile, akiapa kwamba matairi ya siku hizi hayana ubora.

Kwa hiyo, ndugu dereva, badilisha kwanza bushi na tairodi zilizolegea, kwa kuwa hakuna kipimo kinachokaa juu ya chuma kinachocheza. Kisha jaza upepo, pakia magunia yenye uzito wa abiria wako wa kila siku, mmoja akae kwenye usukani, na umwambie fundi apime likiwa hivyohivyo.