Kisiwa cha Man: mbio zinazopangwa kuanzia bandarini

Anayetaka kutazama MotoGP huko Qatar au Assen hukata tiketi ya kiti kwanza, kisha hutafuta ndege na hoteli. Kwa mbio za pikipiki za TT za Kisiwa cha Man, mpango huo unageuka kichwa chini miguu juu. Kiti si shida. Barabara wanayoshindania waendeshaji ina urefu wa kilomita 60.7, inapita mijini, mashambani na mlimani, na watazamaji wengi huketi juu ya kuta za mawe au kwenye kingo za mashamba bila kulipa kitu. Majukwaa ya kulipia yapo, lakini siyo yanayowakosesha watu safari. Kinachogombaniwa ni nafasi ya kuvuka bahari na mahali pa kulaza ubavu.

Mbio hizi hufanyika mwishoni mwa Mei na wiki ya kwanza ya Juni. Wanaokwenda na pikipiki zao huanza kushika nafasi za feri karibu mwaka mzima kabla, na sitaha za magari ndizo hujaa mwanzo. Anayetoka Arusha au Kisumu hana pikipiki ya kupakia, na hapo ana bahati: abiria wa miguu hupata nafasi hata wakati wenye vyombo wameshafungiwa mlango. Kampuni ya Isle of Man Steam Packet huvusha watu kutoka Heysham kwa meli ya Manxman, safari ya takriban saa tatu na dakika arobaini na tano, na kutoka Liverpool kwa chombo cha kasi kiitwacho Manannan. Bandari zote mbili zinafikika kwa urahisi kutoka uwanja wa ndege wa Manchester. Kwa hiyo tafuta ndege ya kukufikisha Manchester na uachane na London, hata kama nauli ya London inavutia kidogo.

Ugumu wenyewe uko kwenye viza. Kisiwa si sehemu ya Ufalme wa Muungano, kina bunge lake na serikali yake, ila kimo katika eneo moja la usafiri pamoja na Uingereza na Ireland, na viza ya Uingereza inakubalika huko. Maombi ya viza ya mgeni hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kusafiri. Yaani kitanda na meli vinakutaka uamue Juni au Julai ya mwaka uliotangulia, na viza haitaki hata kukusikia kabla ya mwishoni mwa Februari. Mpango mzuri hutenganisha malipo ya aina mbili. Chumba na feri vishikwe mapema, lakini kwa masharti yanayoruhusu kughairi au kubadili tarehe, hata kama bei iko juu kidogo. Ndege, ambayo ndiyo gharama kubwa, isubiri mpaka viza itoke. Wengi hufanya kinyume kwa kuwa nauli za mapema ni rahisi, kisha jibu la viza likichelewa wanabaki na tiketi isiyorudishwa. Na kwenye maombi taja kisiwa waziwazi, uambatanishe nafasi ya feri.

Kuna mtego mmoja zaidi. Feri nyingine hutoka Dublin, na ramani inashawishi. Lakini viza ya Uingereza haimwingizi Mkenya wala Mtanzania Ireland. Hiyo ni viza nyingine kabisa. Kupandia feri Belfast ni sawa, Dublin si sawa.

Ukishafika, swali linakuwa la jiografia, na hapa ndipo ninapoona watu wanapoteza siku nzima bila sababu. Barabara ya mbio ni duara. Inaanzia Glencrutchery Road mjini Douglas, inateremka Bray Hill, inakwenda magharibi hadi Ballacraine, inapanda kaskazini kupitia Kirk Michael na Ballaugh, inafika Ramsey, kisha inapanda mlima Snaefell hadi mita 422 na kurudi Douglas. Ikifungwa kwa mbio, imefungwa. Aliye ndani ya duara anabaki ndani, isipokuwa kwa njia chache zilizo upande wa Douglas na madaraja ya waenda kwa miguu. Ukungu ukichelewesha mbio, kifungo kinaongezeka saa kadhaa.

Asiye na pikipiki apange chumba nje ya duara. Ufukwe wa Douglas uko nje, na bandari pia. Na kuna zawadi ambayo wenye pikipiki huidharau: treni ya umeme ya tangu 1893, inayotoka Douglas kupitia Laxey hadi Ramsey ikifuata pwani ya mashariki bila kuikata barabara ya mbio hata mara moja. Inakufikisha Ramsey, unatembea dakika chache hadi Parliament Square, unawaona waendeshaji wakipunguza kasi katikati ya mji. Ukishukia Laxey, treni nyingine ya mlimani, ya 1895, inakupandisha hadi Bungalow, mahali ambapo reli na barabara hukutana katikati ya nyasi na upepo. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine penye mbio za kiwango hiki ambapo mgeni asiye na chombo anahudumiwa vizuri namna hii. Beba sweta, koti la mvua na chakula. Baridi ya pale juu haijali kwamba ni Juni.

Aliyewahi kusimama Naivasha kungoja magari ya Safari Rally atauelewa mfumo wa TT upesi kuliko shabiki wa MotoGP. Waendeshaji hawaondoki pamoja. Wanaachiwa mmoja mmoja kwa sekunde kumi kumi, na mshindi anaamuliwa na saa. Tofauti na rally, hawa wanarudi: katika mbio za mizunguko sita utamwona kila mmoja mara sita, kila baada ya takriban dakika kumi na saba. Rekodi ya mzunguko mmoja ya mwendeshaji Peter Hickman, aliyoiweka 2023, ni wastani wa kilomita 219 kwa saa kwenye barabara ambayo kesho yake inapitiwa na basi la abiria.

Kwa kuwa saa ndiyo inayoamua, macho pekee hayatoshi. Anayepita mbele yako wa kwanza huenda ni wa tatu kwa saa. Mwaka 2024, katika mbio za Superbike, Michael Dunlop alikuwa anaongoza, akalazimika kusimama muda mfupi baada ya kujaza mafuta ili kurekebisha kioo cha kofia yake, na Hickman akashinda. Aliyekuwa ameketi ukutani Ballaugh bila redio alimwona Dunlop akipita akiwa amechelewa, basi. Redio ndogo yenye spika za masikioni ya kusikiliza kituo cha Manx Radio ina thamani kubwa kuliko kamera.

Hali ya hewa ndiyo mwenye mamlaka ya mwisho, kwa sababu helikopta za uokoaji zisipoweza kuruka, hakuna mbio. Mwaka 1954 hali ya hewa ilikatiza mbio kuu, Senior, baada ya mizunguko minne, na Ray Amm, mzaliwa wa Salisbury ambayo leo ni Harare, akashinda akiwa bado hajasimama kujaza mafuta huku mpinzani wake Geoff Duke akiwa ameshasimama. Mwaka 2025 Senior hazikufanyika kabisa kwa sababu ya upepo. Hizo ndizo mbio za siku ya mwisho, na aliyekuja kwa ajili ya mbio hizo tu alirudi nyumbani bila kuziona. Ningemshauri anayetoka mbali afike siku za mwisho za wiki ya mazoezi na akae hadi Jumatano ya wiki ya mbio. Mazoezi ya jioni ni burudani kamili, jua linachelewa kuzama, vyumba vina nafuu, na Superbike hushindaniwa na watu na mashine zile zile za Senior.

Jambo moja halipendezi kuandika, ila mgeni alijue kabla ya kulipa. Watu zaidi ya 250 wamekufa kwenye barabara hii tangu 1911. Mabango ya maeneo yaliyokatazwa huwekwa kwa sababu hiyo, na msimamizi wa usalama akikuambia ondoka hapa, ondoka. Anayeona hawezi kuvumilia uwezekano huo, Assen ipo.

Bima ya afya itaje Kisiwa cha Man kwa jina, kwani huduma yake ya afya ni tofauti na ya Uingereza. Noti za kisiwani zina thamani sawa na pauni ya kawaida, lakini madukani Liverpool hazipokelewi, kwa hiyo zimalize kabla ya kupanda meli. Wakati wa kurudi ningeng'ang'ania Manxman ya Heysham kuliko Manannan, maana bahari ikichafuka chombo cha kasi ndicho husitishwa mwanzo, na ningeacha usiku mmoja kamili, bora miwili, kati ya meli na ndege ya Manchester.