Kanuni na Mipaka Yake: Uhakiki wa Nadharia ya Mayer katika Kufundisha Usanifu wa Medianuwai

Kitabu cha Richard E. Mayer, Multimedia Learning, kilichotolewa mwaka 2001, kimechangia sana ufundishaji wa usanifu wa medianuwai. Ubora wake umo katika kuegemeza kanuni kwenye majaribio badala ya ladha ya msanifu. Mwanafunzi huelekezwa kuweka maneno karibu na picha yanayoifafanua, na kuondoa mapambo yasiyohusu somo, kwa kuwa kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi finyu.

Hata hivyo, udhaifu hujitokeza kanuni hizo zinapokaririwa kama amri. Kanuni ya uradidi inadai kwamba picha zinazoambatana na simulizi ya sauti hufundisha vizuri zaidi kuliko picha, sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja, kwani macho hugawanyika baina ya picha na maandishi. Majaribio mashuhuri ya Mayer yalihusisha wanafunzi wa chuo nchini Marekani waliotazama uhuishaji mfupi kuhusu namna radi inavyotokea. Mayer mwenyewe anatambua kwamba maandishi yanaweza kumfaa msikilizaji anayejifunza kwa lugha isiyo yake.

Mpaka huo, unaoonekana mdogo kitabuni, una uzito mkubwa nchini Tanzania. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari. Simulizi ya Kiingereza humpita kabla hajaielewa, ilhali maandishi humpa fursa ya kurudia. Msanifu anayeyafuta kwa kutii kanuni humnyima msaada aliouhitaji. Kwa mwanafunzi kiziwi, humfungia somo zima.

Suluhisho linapatikana katika usanifu wa kiolesura. Miongoni mwa kanuni 10 za Jakob Nielsen za mwaka 1994 imo ile ya udhibiti na uhuru wa mtumiaji. Kitufe cha kuwasha na kuzima maandishi, pamoja na cha kusimamisha na kurudia simulizi, humwachia mwanafunzi uamuzi.

Kwa hiyo, mtihani unaomtaka mtahiniwa ataje kanuni tu haupimi usanifu. Unaofaa zaidi ni ule unaomtaka aeleze kanuni ilijaribiwa kwa nani, kisha aijaribu kwa watumiaji anaowakusudia.