Ben Anakufa kwa Ajili ya Nani? Rangi na Msalaba katika Filamu za Ndondi

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ndondi zilipigwa marufuku Zanzibar, na marufuku hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne hadi ilipoondolewa katika awamu ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Kwa hiyo hapa Wawi, kando ya Chake Chake, vizazi viwili vimemjua bondia kwa picha za filamu kuliko kwa ulingo. Ikiwa picha ndizo zilizotufundisha, yatupasa kuuliza zilimwonyesha nani, na zilimpa nafasi gani.

Tuanze na Body and Soul ya 1947, iliyoongozwa na Robert Rossen. Shujaa wake, Charley Davis, ni kijana wa Kiyahudi anayeigizwa na John Garfield, ambaye naye alikuwa Myahudi. Ben Chaplin, bingwa mweusi anayepoteza taji mbele ya Charley, anaigizwa na Canada Lee, aliyekuwa bondia kabla ya kuwa mwigizaji. Kwa wakati wake filamu hii ilikuwa na ujasiri. Ben si mtumishi wala mchekeshaji. Ni mtu mwenye heshima yake.

Hata hivyo, tuangalie mwendo wa hadithi. Ben anapanda ulingoni akiwa na damu iliyoganda kichwani, na wenye fedha wanalijua hilo. Baadaye anakuwa mwalimu wa Charley, kisha anafariki. Kifo hicho kinaamsha dhamiri ya Charley, naye anakataa kuliuza pambano lake la mwisho. Nyumbani kwa Charley twaingia, na mama yake twamjua. Nyumbani kwa Ben hatufiki.

Katika The Set-Up ya Robert Wise (1949) jambo hili ni wazi zaidi. Shairi la Joseph Moncure March la 1928, lililokuwa chanzo cha filamu, lilimhusu bondia mweusi. Filamu imemfanya mzungu, akiigizwa na Robert Ryan. James Edwards, mwigizaji mweusi, alipewa sehemu ndogo ya bondia aitwaye Luther Hawkins. Mateso ya mhusika wa kwanza yalihifadhiwa, mwenyewe aliondolewa.

Mhubiri aweza kuvutwa kumwita Ben mfano wa Kristo. Tunaona si sahihi. Kristo aliutoa uhai wake kwa hiari. Ben aliingizwa hatarini na watu waliotaka faida. Theolojia ya msalaba hulita ovu kwa jina lake, wala haiyapambi mateso ya mnyonge kwa sababu yamemfaa mwingine.

Mwaka 1951 Lee huyohuyo aliigiza mchungaji Stephen Kumalo katika Cry, the Beloved Country, iliyopigwa Afrika Kusini. Humo mtu mweusi ana mke, parokia, mashaka na mwana anayemtafuta Johannesburg. Baba mzungu naye anaomboleza, lakini huzuni ya mmoja haimezi ya mwingine. Lee alifariki mwaka uliofuata.

Wakristo wa Pemba ni wachache kati ya Waislamu. Jirani yetu huingia mahubirini ili atupe funzo, kisha hutoka bila jina, kama Ben. Kabla ya kumtaja tena mimbarini, twende kwanza tukabishe hodi kwake, tumsikilize akijieleza mwenyewe.