Jogoo wa Wajir ni wa Msimu

Mwenye kuku watano au sita uani, akiwa Limuru, halazimiki kuumiza kichwa kuhusu jogoo. Kule kwenye ubaridi, yai lenye mbegu likikaa rafuni siku kadhaa halimtii hasara mwenyewe. Wajir ni hesabu nyingine.

Mbegu iliyo ndani ya yai hulala tu joto likiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Likipanda hapo, huanza kuamka polepole bila kungoja kuku alikalie yai. Mjini Wajir hata usiku ni nadra joto kushuka kiasi hicho, na kiangazi cha Jilaal kinapokaza, Februari na Machi, mchana hupita nyuzi 35. Yai la tetea aliyepandwa likiachwa jikoni linaanza kuumba kifaranga asiyeweza kukamilika, kwa kuwa kukamilika kwake kunataka nyuzi 37.5 hivi, usiku na mchana, siku 21. Siku chache baadaye ukilivunja unaweza kukuta mviringo wa damu. Likizidi kukaa, ni viza.

Yai lisilo na mbegu nalo huchakaa kwa joto, lakini ndani yake hamna cha kuota. Mayai ya gredi yanayoshushwa kwenye malori ni ya kuku wasioishi na jogoo, na hilo ni sehemu ya siri ya kuhimili safari ndefu ya kuja Wajir. Marekani, kabla majokofu hayajaenea, Wizara ya Kilimo iliwahimiza wakulima kuwatoa majogoo kundini mara msimu wa kuangua unapokwisha, kwa sababu hiyo hiyo.

Tetea hutaga awe na jogoo au asiwe naye. Lishe ya mayai hayo ni moja. Jogoo mzima hula gramu 120 hivi kwa siku, karibu kilo 44 kwa mwaka, na Wajir chakula cha dukani huja kwa lori. Kwa anayetaka mayai ya kula na kuuza tu, mimi naona hesabu imeshafungwa: asifuge jogoo.

Wapo wanaompenda kwa kuwika kwake alfajiri, na Hadithi iliyo katika Abu Dawud inakataza kumtukana jogoo kwa kuwa huwaamsha watu kwa sala. Heshima hiyo naiunga mkono kabisa. Kuku wanaozurura nje ya ua pia hufaidika naye, maana humwona mwewe mapema na kupiga ukelele. Hoja nzito zaidi, hata hivyo, ni vifaranga, na hao hawahitaji jogoo wa mwaka mzima.

Aazimwe mwanzoni mwa msimu wa Hagaa, Juni. Joto kali hupunguza nguvu ya mbegu yake, kwa hiyo miezi hii yenye nafuu ndiyo yake. Kwanza atengwe wiki mbili, kwa maji na vyombo vyake, awe ameshachanjwa Newcastle. Ugonjwa huo unaweza kumaliza ua mzima, na jogoo wa kuazima ni mlango wake. Akishaingia kundini, ngoja wiki moja hivi ndipo uanze kuweka mayai ya kuatamiwa. Ushauri wa kawaida wa kuyaweka siku saba hadi kumi umejengwa juu ya vyumba vya baridi; hapa usipitishe siku tatu au nne, kivulini, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Ndiyo sababu mayai ya tetea wote hukusanywa na kupewa kuku mmoja anayetaka kuatamia, kumi au kumi na mawili, kwa siku moja. Siku ya saba yamulike kwa tochi gizani: yanayopitisha mwanga bila mishipa yatoe.

Vifaranga wa Julai huwa na miezi mitatu hivi mvua ya Deyr inapoanza Oktoba, na tayari wana mbio za kufukuza kumbikumbi.

Jogoo akirudishwa kwao, tetea bado wana mbegu yake mwilini kwa wiki mbili, pengine tatu. Mayai ya muda huo yaliwe siku ile ile au kesho yake, yasiende sokoni. Na karibu nusu ya vifaranga watakuwa wa kiume: wauzwe mara wanapoanza kuwika, kabla hawajawapanda dada zao, na msimu ujao aazimwe jogoo wa ua mwingine.