Kenga Aingiapo Karakanani

Mtunzi wa tamthilia hana msimulizi wa kuiambia hadhira kwamba fulani ni mwovu. Ana vinywa vya wahusika tu. Ndiyo maana namstahi zaidi mtunzi anayemuumba laghai kuliko yule anayemuumba jambazi. Jambazi akishika panga, ukumbi mzima umeshamjua. Laghai hushika neno zuri, na neno hilohilo lazima limlainishe aliye jukwaani huku likimzindua aliyeketi kitini.

Kazi hiyo ngumu ameifanya Pauline Kea Kyovi katika Kigogo, tamthilia ambayo kwa miaka kadhaa ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE. Vijana wengi wa mitaa ya Eastlands, kama Jericho, Umoja na Dandora, waliisoma darasani, na vikundi vya waigizaji vinavyozunguka na vitabu teule vikawaletea jimbo lake la Sagamoyo jukwaani. Wengi wao walitoka wakimtaja Majoka, mtawala anayenguruma. Mimi hubaki na Kenga, mshauri wake mkuu, ambaye hana haja ya kunguruma.

Mtazame anavyoingia karakanani sokoni Chapakazi, mahali ambapo Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Aliyekulia Eastlands haelezwi karakana hiyo. Amepita Kamukunji mafundi wa jua kali wakigonga mabati, amepita Kariobangi wakichomelea vyuma, na anajua kwa nini fundi haachi kazi yake upesi mgeni nadhifu anaposimama mlangoni: huenda ni mteja mkubwa, huenda ni askari wa kanjo. Kenga haji na amri. Anakuja na keki ya sherehe za uhuru. Anataka Sudi achonge kinyago cha shujaa ambaye utawala umemchagua, na badala ya kuagiza anaahidi: zawadi tele, maisha mapya, likizo ughaibuni pamoja na mkewe.

Hebu tusikilize ahadi hizo kwa makini. Hakuna hata moja inayomhusu Kenga. Zote zimekatwa kwa kipimo cha Sudi, fundi mwenye kipaji, aliye na mke aliyesoma asiye na kazi, na soko linalofungwa. Maneno ya laghai ni picha ya yule anayelaghaiwa. Tukitaka kujua Sudi amepungukiwa na nini, hatuhitaji kumsubiri alalamike. Kenga ameshatupa orodha nzima huku akitabasamu. Mtunzi ametumia kinywa cha adui kutujulisha shida za rafiki, na hajapoteza hata sentensi moja ya maelezo.

Mabingwa wa kale walilijua hilo. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Cassius anamtupia Brutus barua dirishani zionekane zimeandikwa na raia wa Roma. Barua zenyewe hazimalizi maneno. Brutus ndiye anayeyajaza mapengo, na anayajaza kwa kile alichotamani kukisikia. Iago naye, katika Othello, anafika mbali zaidi: akiulizwa swali hurudisha neno la swali lenyewe, kisha hunyamaza, mpaka Othello anajitungia sumu yake mwenyewe. Othello, mkubwa wa Iago kivita, haoni kitu. Kila mlango uko wazi kwa Iago.

Kea anathubutu jambo jingine. Maneno ya Kenga yanagonga mwamba. Boza na Kombe wanaila keki, Sudi anaikataa. Masikio matatu yamesikia kinywa kimoja, na kila mtu amejitambulisha kwa jibu lake. Ulaghai unaoshindwa mbele yetu ndio unaoonyesha namna ulivyoundwa, maana tunapata nafasi ya kuona kilichokuwa nyuma yake. Na kilichokuwa nyuma ni jela: Ashua, mke wa Sudi, anatiwa ndani ili mumewe akubali kuchonga. Yule mke aliyekuwa akiahidiwa safari sasa ndiye rehani. Sijui njia kali zaidi ya kueleza kwamba ile likizo na ile jela zilitoka katika moyo mmoja.

Ukumbi wa Eastlands una masikio ya mambo haya. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi uliosikia siasa tangu kabla ya uhuru, na kila uchaguzi mitaa hii huletewa watu wanaowaita wenyeji "watu wangu" kwa wiki chache. Mtoto wa mchuuzi wa Gikomba hahitaji mwalimu amweleze soko linapofungwa nani hula hasara.

Kwa hiyo huniuma kuona Kenga akiigizwa kwa sauti ya kukwaruza, akizungusha macho na kusugua viganja. Hadhira hucheka, na kazi yote ya mtunzi humwagika. Kenga apewe mwigizaji mwenye uso mchangamfu kuliko wote kikundini. Aketi karibu na Sudi, amwite ndugu yangu, na akisifu kinyago, asifu kwa dhati, kwa sababu kinyago kweli ni kizuri. Akiweza hivyo, wanafunzi walioshawishika hutulia kabisa, wakingoja Sudi akubali, mpaka mmoja wao wa nyuma ashindwe kujizuia apaze sauti: "Sudi, unaingizwa boksi!"